Kwenye Meza ya Betri, Shangazi Akiwa Haongei

Nimestaafu jana jioni. Nina miaka kumi na saba, kwa hiyo najua utacheka, Nuru, lakini kazi ikiisha imeisha, na anayekabidhi inabidi aseme alichokikuta. Wiki hii naenda bwenini kuanza kidato cha tano. Kuanzia Jumamosi, na likizo zote, kiti changu kwenye meza ya Shangazi Mwaju ni chako. Habari za cheo siandiki, maana kilikuwepo kimoja tu. Za malipo muulize Shangazi mwenyewe. Mie nakuandikia yale ambayo nilitamani binamu yeyote angeniambia kabla.

Meza unaijua, ila umeiona kama mpita njia. Iko kibarazani kwa Ami Salehe, yule muuza vifaa vya ujenzi hapa Temeke, katikati ya ndoo za rangi na mabomba. Watu wanaleta rimoti za tivii, za feni, za gari, lakini kazi kubwa ni rimoti za mageti na milango ya gereji. Mtu anakuja kabonyeza mpaka kidole kimemuuma, geti halisikii, tunamfungulia, tunambadilishia betri, anaondoka. Kazi yenyewe kwa mikono ni ndogo. Kilichobaki chote ni maneno, na maneno ndiyo yalikuwa ishu.

Nilianza kazi nikiwa nimemaliza tu mtihani wa kidato cha nne. Wakati huo Shangazi alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji mdogo kooni. Daktari akamwambia asitoe sauti kwa wiki kadhaa, mpaka atakapoitwa kuangaliwa tena. Asiongee, asikohoe kwa makusudi, na wala asinong'one, maana kunong'ona eti kunaumiza zaidi. Akivunja masharti, sauti inaweza isirudi, au irudi imekwaruzika vile vile maisha yote. Sasa fikiria, Shangazi Mwaju. Mtu ambaye wateja walikuwa wanatoka Tandika kuja kununua betri ya saa ili tu wamsikie akiwatania. Familia ikakaa ikaamua apelekwe msaidizi wa kumsemea, na kwa sababu nisizozielewa mpaka leo wakanichagua mie.

Mie unanijua. Shuleni niliwahi kuvumilia haja kipindi kizima cha hesabu kwa sababu kuomba ruhusa ni kuongea. Nyumbani wageni wakija nilikuwaga nasalimia kisha najifanya nimeitwa jikoni. Mama aliponiambia, "Utakaa pale umsaidie kuongea," nilidhani ananitania.

Siku ya kwanza nilivaa ushungi mpya, nikakaa, nikapanga betri kwa ukubwa. Akaja mzee mmoja wa heshima na rimoti mkononi.

"Asalaam aleikum," akasema.

Nilikuwa nimeinama naangalia betri kama vile nazihesabu. Ninavyokumbuka nilikuwa nalitafuta lile jibu, nalijua, tangu utotoni nalijua, ila lilikuwa halitoki.

"Asalaam aleikum," akarudia, safari hii polepole, kama anayegonga mlango ambao ana uhakika kuna watu ndani.

Kuacha salamu ya namna hiyo idondoke chini, kwa Shangazi ni jambo lisilofanyika. Nikaona anafungua mdomo. Kilichotoka ni mlio kama wa kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Akajishika shingo, machozi yakamlengalenga.

Ami Salehe akatoka ndani na kikombe chake cha kahawa. "Mwaju," akasema taratibu, "unataka kuiua sauti kwa ajili ya salamu?" Kisha akanigeukia. "Na wewe binti, mdomo umeuacha kwa mama yako?"

"Hapana, Ami."

"Ala. Kumbe upo. Basi mwitikie mzee."

Nikaitikia. Mzee akabadilishiwa betri akaenda zake. Lakini tangu dakika ile nikaelewa mkataba wangu wa kazi: kila nitakaponyamaza mie, atakayelipa ni koo la Shangazi.

Usidhani nilibadilika siku hiyo. Nilipata tu woga wa pili, mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Shangazi naye hakuwa mwalimu mpole. Alikuwa ananifundisha kwa simu, amekaa ubavuni kwangu kabisa. Mteja yuko mbele yetu, simu yangu inalia, nafungua, ujumbe umetoka kwa mtu ambaye goti lake linagusa langu: MSALIMIE. Naweka simu, nasalimia. Inalia tena: SHIKAMOO SIO MAMBO, HUYO ANA UMRI WA BABU YAKO. Herufi zote kubwa. Nadhani hakuwa anajua kuzipunguza, au alikuwa anajua, na ndivyo alivyokuwa anafoka.

Sasa ya ufundi, maana haya ndiyo yatakayokufaa Jumamosi.

Kabla hujafungua rimoti yoyote, uliza kama umeme upo. Hili nililipata kwa aibu. Kijana mmoja alinunua betri ya rimoti ya geti, akarudi amevimba, geti limegoma vile vile, betri zetu mbovu. Nikamfungulia, nikapima kwa mita, betri nzima. Nikambadilishia nyingine, akaenda, akarudi. Simu ikalia: MUULIZE LUKU. Nikamwangalia Shangazi. Mie nimuulize mwanaume mzima na ndevu zake kama kwake uniti zimeisha? Shangazi akavuta pumzi kana kwamba atauliza yeye, nikauliza haraka. Yule kaka akatoa simu, akampigia mkewe, akasikiliza. Akakata. "Sista," akaniambia, "hii tuiache hapa hapa kibarazani." Mota ya geti haili betri, inakula umeme. Rimoti inatoa amri tu.

La pili, mteja akikwambia betri ni mpya, fungua uione. Wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini alikuja kutoka Kurasini anahema. Kaacha malori yamepanga foleni nje ya yadi yao, geti halifunguki, na betri ameweka asubuhi hiyo hiyo. Nilipofungua tu nikaliona tatizo: kile kipande cha nailoni kinachobandikwa juu ya betri mpya alikuwa hajakibandua. Kuliona ni sekunde. Kumwambia, Nuru, nilishindwa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaangalia kidole, akaniangalia mie, akamwangalia Shangazi, ambaye naye alikuwa anaonyesha kwa kidole.

"Hii meza," akasema, "mabubu ni wawili?"

Shangazi akacheka. Kacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, machozi yanamtoka, ngumi mezani. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka tangu apasuliwe, na nikaogopa kwamba hata hicho kicheko kitatoroka kitoe sauti. Kwa hiyo nikaanza kuongea. Nikamweleza yule wakala habari za nailoni kwa urefu ambao hakuuhitaji.

Rimoti nyingi za mageti zinafunguliwa kwa bisibisi ndogo ya nyota. Nyingine zina mpasuko pembeni, unaingiza ukucha. Kabla hujaitoa betri, ipige picha, ujue upande wa juu ulikuwa upi. Betri bapa ishike kingoni, usiishike usoni kwa vidole vyenye mafuta ya mihogo. Ukikuta vile vibati vya ndani vimeota ukijani, visugue kwa ufutio wa shule. Mie nilimaliza ufutio wangu wote wa kidato cha nne kwenye rimoti za watu, na ninavyoona umefanya kazi ya maana kuliko uliyofanya kwenye daftari langu la fizikia. Na taa nyekundu kuwaka isikudanganye: betri iliyochoka inaweza kuwasha taa na isifike getini. Pima.

Halafu kuna mila, na mila zinataka ulimi mzuri. Watu wanaanika betri juani juu ya bati, kama walivyofanya bibi zetu kwa betri za redio. Wengine wanaziuma. Usicheke. Sema, "Hii aina haipendi jua." Na kuna nailoni. Nyumba nyingi rimoti haikai uchi. Inafungwa nailoni ile ile iliyokuja nayo, nailoni ikichanika inafungwa mfuko, na mfuko unakazwa kwa raba bendi ili usichomoke. Rimoti inabaki mpya miaka. Ila ukikaza sana, kitufe kinabaki kimebonyezwa, betri inakufa ikiwa kabatini.

Hiyo ya mwisho ndiyo inanipeleka Mbweni.

Bi Ramla ni dada yake Ami Salehe. Amezaliwa hapa Temeke, akahamia Mbweni kwenye nyumba mpya yenye gereji yake pembeni uani, lakini mahitaji yote bado ananunua huku. Anasema Mbweni hakuna maduka, kuna kuta. Alikuja siku moja na haraka zake: mwanawe anaoa, kesho yake ndiyo shughuli, anataka betri mpya za rimoti za mlango wa gereji, yake, ya mwanawe na ya akiba. Nikampa, nikamwonyesha na nailoni ya kubandua. Nilijisifu moyoni jinsi nilivyoongea sentensi tatu bila simu kulia.

Asubuhi yake Ami Salehe akatoka ndani ya duka, simu iko sikioni, uso umebadilika. "Dada analia," akasema. "Tangu aweke betri zenu, mlango wa gereji haufunguki. Masufuria ya harusi yamo ndani. Mchele umo ndani. Mwaju, inabidi uende."

Nilimwangalia Shangazi. Zilikuwa zimebaki siku chache tu aende akaangaliwe koo. Wiki zote zile tulizilinda, na sasa anaitwa kwenye nyumba ya harusi, mahali ambapo kila anayeingia anapewa salamu na kila salamu inasubiri jibu. Mpwa wa Bi Ramla alishafika na gari. Njia nzima nilikuwa naomba kimoyomoyo foleni iwe ndefu.

Haikuwa. Tulikuta uani wapishi wamekaa kwenye vigoda wameyazunguka mafiga, moto umewaka vizuri kabisa, na juu ya moto hakuna kitu. Kiongozi wao alikuwa mpishi mnene anaitwa Mama Chausiku, kaweka mwiko begani kama askari. Gereji imesimama peke yake upande wa pili, mlango ni mmoja tu, na umefungwa.

"Asalaam aleikum, dada," Mama Chausiku akamsalimia Shangazi.

Shangazi akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Mie nikaitikia, lakini kwa sauti ambayo hata moto uliizidi.

Nikaanza kazi. Nikafungua rimoti ya Bi Ramla, nikapima betri, nzima. Ya mwanawe, nzima. Nikasogea mpaka nikaigusisha rimoti mlangoni, nikabonyeza. Kimya. Nikauliza kama umeme upo.

"Mtoto huyu anatuona sie hatuna akili?" Mama Chausiku akasema. "Feni hilo barazani linazungushwa na nani, na majini?"

Wenzake wakacheka. Bisibisi ikanidondoka. Bi Ramla akamshika Shangazi mkono, kachanganyikiwa mpaka kasahau habari ya koo. "Mwaju, niambie neno moja tu. Moja. Nijue kama nitume watu wavunje mlango."

Shangazi akamtazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Mwacheni," Mama Chausiku akawaambia wenzake, kwa sauti ya kusikika. "Huyo hata salamu hakuitikia. Kauza betri feki, sasa anaona tabu kusema na watu. Kiburi tu."

Betri feki. Nuru, Shangazi unaweza kumtukana sura, akakuacha. Lakini ameijenga ile meza miaka mingi kwa kutouza betri feki. Nilimwona anageuka. Nilimwona anavuta pumzi, siyo zile pumzi za kunitisha mie, pumzi yenyewe, kifua kimejaa, shingo imekaza pale pale penye kidonda.

"Haruhusiwi kuongea," nikasema.

Walinigeukia wote. Nilisikia sauti yangu inarudi kutoka ukutani.

"Shangazi yangu amepasuliwa koo. Akitoa sauti leo anaweza asiipate tena. Salamu yenu ameitikia kwa kichwa, na mie nimeitikia kwa mdomo, kama hamkunisikia naomba radhi, naitikia tena: waaleikum salaam. Betri zetu siyo feki, nimezipima mbele yenu. Mwenye swali aniulize mie." Kisha, kwa kuwa nilishaanza na sikujua namna ya kusimama, nikamgeukia Bi Ramla. "Mama, rimoti zote ziko hapa?"

"Hizo hapo mbili."

"Na ya akiba?"

"Hiyo haina shida, mwanangu. Jana nimeiwekea betri, nikaifunga vizuri, nikaikaza, iko kabatini."

Mie na Shangazi tukatazamana. Nikaona pumzi yake inashuka taratibu, na mdomo ukafungwa.

Tuliingia sebuleni na nusu ya wapishi nyuma yetu. Kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe vya dhahabu, kulikuwa na kifurushi cha nailoni kimebanwa raba bendi huku na huku, na ndani yake kitaa chekundu kinawaka bila kupepesa. Raba bendi moja ilikuwa imelala juu ya kitufe. Ile rimoti ilikuwa inautumia mlango amri tangu jana bila kunyamaza. Nikawaeleza: ni kama mtu mmoja anayepiga honi mfululizo, wengine wote wakiita hawasikiki. Zile mbili nzima zilikuwa zinaita bure. Betri ya zamani ingekuwa imeshachoka ikakata, lakini hii ni mpya, na ina nguvu. Mie mwenyewe ndiye niliyeiuza.

Nikakata raba bendi. Kitaa kikazimika. Tukarudi uani, nikabonyeza rimoti ya Bi Ramla, mlango ukanguruma, ukaanza kupanda. Masufuria yakaonekana kuanzia matako kwenda juu. Wapishi wakapiga vigelegele kama vile bibi harusi ndiye aliyekuwa amefungiwa mle.

Mama Chausiku akamjia Shangazi, mwiko kaushusha. "Dada, nisamehe. Nilidhani una kiburi."

Shangazi akatoa simu, akaandika, akanipa nimsomee. Nikasoma kwa sauti, uani kote wakasikia: KIBURI NINACHO. SAUTI NDIO SINA.

Walicheka mpaka moto ukasahauliwa. Tulikalishwa, tukaletewa chai na vitumbua, na kila aliyeingia nyumba ile Mama Chausiku alimwambia, kabla hata hajasalimia, "Huyu mama usimsemeshe, koo linauma, sema na huyu mdogo." Kwa hiyo wakasema nami. Mchana kutwa. Nilijibu habari za shule, za Temeke, za betri, na za mama mmoja ambaye rimoti yake ya tivii inabadilisha chaneli yenyewe. Nilirudi nyumbani nimeishiwa mate.

Siku chache baadaye nilimsindikiza hospitali. Daktari alikuwa dada mmoja mchangamfu. Akamulika tochi kooni, akaangalia sana, akarudisha kiti nyuma. "Pamepona vizuri," akasema. "Haya, mama. Sema."

Shangazi hakusema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona hana la kusema. Aliangalia ukuta, akaangalia mikono yake, akaniangalia mie kwa macho ambayo nayajua vizuri sana, kwa sababu ni macho yangu mbele ya wageni. Nilitaka kumtumia ujumbe. Badala yake nikamgusa goti.

"Sema hata jina lako," daktari akasema.

"Mwajuma," Shangazi akasema. Akasikiliza. "Mwajuma binti Omari." Ilikuwa sauti yake ile ile, imechujuka kidogo kama khanga iliyofuliwa, lakini yake. Akafunika uso kwa mtandio, na daktari akajifanya anaandika ili ampe nafasi.

Kisha akauliza, "Ukimeza chakula unasikia maumivu?"

"Hapana, ila cha moto sana kinamkwaruza," nikasema. "Na asubuhi anaamka koo kavu."

"Namuuliza yeye," daktari akasema.

"Mwache tu, daktari," Shangazi akasema kutoka nyuma ya mtandio. "Ndicho ninachotaka kusema, na yeye anakisema kwa kifupi."

Basi, Nuru. Mita iko kwenye droo ya kushoto, na bisibisi ya nyota imefungwa kamba mezani kwa sababu Ami Salehe huwa anaiazima na kuisahau mfukoni. Betri mpya zipange nyuma, za zamani mbele. Shangazi sasa anaongea kuanzia anapofungua mpaka anapofunga, amejilipa zile wiki zote na bado anaendelea. Mie kazi yangu ilikuwa kutafuta neno la kusema. Yako itakuwa kutafuta pa kulichomeka.